Mandhari Isiyo na Wahusika: Kuisoma Picha ya Maji Matulivu

Mwalimu wa fasihi akiulizwa mandhari ni nini, jibu huwa tayari ulimini: ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya fasihi hutendeka. Jibu hilo tumelifundisha kwa miaka mingi na hatuna ugomvi nalo. Katika mpangilio wetu wa vipengele vya fani, mandhari hukaa nyuma ya wahusika mithili ya mtumishi anayesubiri kuitwa. Wahusika wakihama, nayo huhamishwa. Hata hivyo, neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa picha ya ziwa, ya mto au ya pwani ambamo hamna mtu hata mmoja. Hapo mtumishi amebaki nyumbani peke yake, na mhakiki aliyezoea kutafuta wahusika, migogoro na ujumbe anabisha hodi asijue amsalimu nani.

Makala haya yanahusu picha za namna hiyo, yaani picha za maji matulivu. Tutashughulika zaidi na wachoraji wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, kuanzia mwaka 1946 mara baada ya Vita Kuu ya Pili, na tutazisoma kazi zao tukiwa hapa tulipo, baina ya Kasese na Bwera. Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini twende mbali kiasi hicho? Tunakwenda huko kwa sababu wachoraji hao na wanunuzi wao walizijadili picha kwa Kiswahili, jambo ambalo ni adimu katika historia ya uchoraji wa Afrika iliyoandikwa. Tena Kasese na Lubumbashi ni ndugu wa shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ikiifuata shaba ya Kilembe. Huko Katanga, shaba ndiyo iliyoujenga mji, hata mkoa mzima ukaitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Mji wa mgodi haukosi kelele, na ni jambo la kufikirisha kwamba mji wa namna hiyo ulizaa picha za kimya.

Kwanza tupite darasani. Tuliwahi kuwapa wanafunzi wa sekondari picha ya ziwa lililotulia, mtumbwi ukiwa umevutwa ufukoni, mlima kwa nyuma na ndege wawili juu ya maji. Swali lilikuwa lile la kila mwaka: "Eleza unachokiona pichani." Majibu yalikuwa yale ya kila mwaka pia. Kuna ziwa. Kuna mtumbwi. Kuna mlima. Kuna ndege wawili. Baada ya orodha hiyo, aghalabu mwanafunzi huongeza kwamba mazingira ni uhai na hatuna budi kuyatunza. Ujumbe huo haukutoka pichani. Umebandikwa kwa sababu mwanafunzi amefundishwa kuwa kazi isiyo na ujumbe haijakamilika, naye anaogopa kuondoka mikono mitupu.

Mmoja wao, kijana wa upande wa Mpondwe, aliandika sentensi moja kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mto Lhubiriha: "Benye mutumbwi beko wapi?" Kalamu nyekundu ingeweza kuishia kwenye "benye" na "beko". Sisi tulisimama kwenye swali lenyewe, maana katika rundo zima la madaftari hiyo ndiyo sentensi pekee ya uhakiki. Wenzake walihesabu vilivyomo. Yeye aliona pengo, akataka kujua limetoka wapi.

Swali hilo la kijana tulichukue, twende nalo Lubumbashi.

Mwaka 1946, mji ukingali unaitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji iliyokuja kujulikana kama Le Hangar, yaani "Banda". Aliwakataza vijana wake kuiga picha za Ulaya, akamwacha kila mmoja atafute mkono wake. Watatu kati yao walipata sifa kubwa: Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga, aliyeijaza picha yote kwa vistari vifupi vilivyopangwa sambamba, na Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914. (Jina la huyu wa mwisho huwafanya wanafunzi watabasamu, na si vibaya somo likaanza kwa tabasamu.) Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954 na karakana ikamezwa na chuo cha sanaa cha mji huo, ambako Pilipili aliendelea kufundisha.

Pilipili ndiye mchoraji wa maji. Tukizitazama nakala za picha zake vitabuni, jambo la kwanza linalotushika ni kwamba mara nyingi hana upeo wa macho. Hakuna anga, hakuna ng'ambo, hakuna mahali ambapo jicho linaweza kukimbilia. Maji na majani yanaijaza karatasi yote kwa nukta na vistari vidogovidogo, kama mkeka uliosukwa bila kuachwa tundu. Samaki wanapita katikati ya mimea, magamba yao yakiwa yamechorwa moja moja kwa subira ambayo mtazamaji wa haraka hawezi kuithamini. Ndege wanasimama. Ukiwa mbali na picha unasema: hapa pametulia.

Isogelee sasa. Mamba amemshika samaki. Nyoka anakinyemelea kiota. Ndege ana mdudu mdomoni. Pilipili alilirudia mara nyingi jambo hili la mwenye kula na mwenye kuliwa, na alilichora bila damu, bila purukushani, kwa nukta zilezile alizozitumia kwa majani. Utulivu wa picha zake basi si hali ya viumbe waliomo. Ni wa ule mkono uliochora, usiobadilika kasi unapofika kwenye meno ya mamba. Mwanafunzi atataka kutuambia hapa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na tumruhusu, mradi atuonyeshe mshindo wenyewe uko sehemu gani ya karatasi. Methali inayotajwa bila ushahidi ni sawa na ile orodha ya "kuna".

Tuliuliza wenye mtumbwi wako wapi. Kwa Pilipili watu hawapo, na zaidi ya watu, mji wenyewe haupo. Hakuna bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, hakuna nyumba za wafanyakazi, hakuna Mbelgiji. Desemba 1941, miaka mitano tu kabla ya Banda kufunguliwa, wachimbaji wa kampuni ya Union Minière waliogoma mjini humo walifyatuliwa risasi na askari. Hakuna hata chembe ya hayo katika samaki na ndege wa Pilipili. Wapo watakaosema mwalimu wake ndiye aliyetaka hivyo, kwamba Mzungu yule alipenda Afrika ya msituni na mtoni, isiyo na mgodi wala mgomo, na kwamba soko la wanunuzi wa Kizungu lilipenda vivyo hivyo. Tunaikubali hoja hiyo kwa kiasi kikubwa. Tusichokikubali ni kwamba inamaliza kila kitu. Mtu anayechora maji ambamo kila kiumbe kinamnyemelea mwenzake, katika mji kama ule na katika miaka kama ile, hatuwezi kusema kwamba hakujua alikuwa akiishi wapi. Hapa tunakisia kama wahakiki, na msomaji ana haki ya kutupinga.

Miaka thelathini baadaye, katika mji uleule, wachoraji wengine wasiopitia karakana wala chuo walikuwa wakichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kuwauzia majirani zao, wafanyakazi wa migodi na wa reli, picha za kutundika sebuleni. Maarufu kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi yake, ule mgomo wa mwaka 1941 ukiwemo. Alimsimulia picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga, na masimulizi yakanaswa kwenye kanda. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Wala si historia tu iliyouzwa kwa majirani. Zilikuwapo picha za mandhari, na ilikuwapo ile iliyopendwa kuliko nyingi, ya Mamba Muntu: mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, nyoka pembeni, ameketi kando ya maji yasiyo na wimbi. Anasemekana kumpa mtu utajiri kwa masharti, na masharti hayo hayana huruma. Maji nyuma yake ni shwari kabisa, na kila mwenye sebule alijua ushwari huo una bei.

Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, katika makala yao ya mwaka 1976, walionyesha kwamba neno lililoshika nafasi ya kati katika mazungumzo ya watu wa Lubumbashi kuhusu picha hizo lilikuwa ukumbusho. Thamani ya picha ilitegemea inachokikumbusha. Picha ya kijiji cha kale, picha ya askari wa enzi ya Wabelgiji akimchapa mfungwa, picha ya maji na kiumbe wake, zote zilinunuliwa ziwe ukumbusho. Mgeni akiingia sebuleni akaitazama, mazungumzo yanaanza.

Walimu wenzetu, tulitafakari neno hili. Katika vitabu vyetu vya uhakiki istilahi za sanaa za maonyesho na uchoraji nyingi ni za kutafsiriwa, na baadhi yake zinasomeka kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. "Ukumbusho" halikutafsiriwa na kamati. Lilitoka vinywani mwa mafundi, mama wa nyumbani na wauza picha waliozungumza Kiswahili ambacho sisi huwa tunakiona kimeharibika, jamaa wa kile kinachovuka daraja kutoka Kasindi kila siku ya soko la Mpondwe na kuingia katika madaftari ya wanafunzi wa Bwera. Hatusemi tuache kufundisha Kiswahili sanifu. Hiyo ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Tunasema tu kwamba uhakiki ulikuwa umeshafanyika kwa Kiswahili hicho kabla hatujafika na kalamu.

Hali ya kuchora maji matulivu wakati ambao si mtulivu haiko Afrika pekee. Romania nayo inafaa kutazamwa kwa ufupi. Kabla ya vita wachoraji wa nchi hiyo walizoea kwenda kila kiangazi katika mji mdogo wa Balchik, kwenye Bahari Nyeusi, kuchora nyumba nyeupe na ghuba. Mwaka 1940 Balchik ilirudishwa Bulgaria kwa mkataba, na baada ya chama cha kikomunisti kushika madaraka, mwishoni mwa mwaka 1947, sanaa rasmi ilitakiwa kuonyesha wafanyakazi, viwanda na mavuno. Katika miaka hiyo mchoraji aliyeketi akachora ufuko mtupu, mashua moja na anga la kijivu, alikuwa amechora picha isiyo na shujaa na isiyo na kaulimbiu. Mtawala anayedai kila picha iseme neno lake, na mwanafunzi wetu anayebandika "tutunze mazingira", wanatoka mbali na kukutana pahali pamoja: wote wawili hawavumilii picha inayonyamaza. Ufuko wa namna hiyo kwa Mromania wa wakati ule bila shaka ulikuwa ukumbusho, ingawa hakuwa na neno la Kiswahili la kuuitia.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Edward lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,300, sehemu kubwa ikiwa upande wa Kongo. Picha zake zinazouzwa kwa watalii na kutundikwa katika hoteli zao zinafanana kama mapacha: machweo ya rangi ya chungwa, tembo anayekunywa maji, mtumbwi mmoja usio na mvuvi. Zimechorwa kwa ustadi wa kutosha na hatumlaumu anayejipatia riziki kwa brashi. Lakini tuzipime kwa neno la Lubumbashi. Zinamkumbusha nani nini?

Zinamkumbusha mgeni safari yake, basi. Kwa mwenyeji zinafanya kinyume, zinamsahaulisha. Ukimya wa ufuko ule una tarehe zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kandokando ya maziwa haya kwa sababu ya malale. Mwaka 1952 eneo likafanywa hifadhi ya taifa, nayo miaka miwili baadaye ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Vijiji vya wavuvi kama Katwe, Kayanja, Hamukungu na Kahendero vilibaki ndani yake, na vipo hadi leo, pamoja na wachimba chumvi wa Katwe wanaosimama ndani ya maji makali ambayo kutoka barabarani yanaonekana kama kioo. Hata jina la ziwa limechorwa na kufutwa: Stanley alilipa jina la mwana wa malkia wake mwaka 1889, Idi Amin akaliita kwa jina lake mwenyewe mwaka 1973, na mwaka 1979 likarudi kuwa Edward. Mandhari iliyopitia yote hayo, ikichorwa bila mtu, haijawa asilia. Imekuwa tupu, na utupu una aliyeusababisha.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu wa lugha inapokuwa nzito kuliko ya mwalimu wa sanaa, kwa sababu Kiswahili hakina kimya kimoja. Maji yakiwa shwari, upepo umelala. Mahali pakiwa patulivu, waliopo wamestarehe au wamezuia vurugu. Pakiwa kimya, hapasikiki sauti, na hatujaambiwa kwa nini. Pakiwa pakiwa, waliokuwapo wameondoka. Upweke nao ni wa mtu, si wa mahali, ijapokuwa washairi huupeleka popote wapendapo. Mwanafunzi akipewa maneno haya matano na picha tatu, ya Pilipili, ya Mamba Muntu na ya tembo wa machweo, ataandika insha ambayo hakuna "kuna" inayoweza kuibeba. Kwa hukumu yetu, ya Pilipili ni tulivu mkononi na haina utulivu majini. Ya Mamba Muntu ni shwari yenye masharti. Ya machweo imechora ukiwa ikauita utulivu, na ndiyo maana, pamoja na rangi zake zote, ni dhaifu kuliko wenziwe.

Wapo wanaotushauri tusiwachokoze wanafunzi kwa maswali ya namna hii, kwamba picha nzuri iwaburudishe tu. Tunawaelewa. Wanafunzi wa Kasese wameuona mto Nyamwamba ukibeba nyumba Mei 2013, na tena Mei 2020. Wa Bwera wanaishi karibu na shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, iliyoshambuliwa usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi wengi wakauawa. Kwa watoto hawa neno "kimya" likitajwa pamoja na neno "usiku" halina burudani. Kwa sababu hiyo hatumlazimishi yeyote aandike anachokumbuka. Mwanafunzi ana haki ya kuchagua picha ya samaki na kubaki kwenye magamba. Lakini kumpa picha ya mto mtulivu na kumtaka aseme tu kwamba unapendeza ni kumwomba adanganye kwa lugha sanifu, na anayedanganya hivyo atapata alama zote.

Baada ya kuyajadili haya idarani tumeanza kutumia swali jingine katika mazoezi: "Picha hii inakukumbusha nini, na nani hayupo?" Sehemu ya pili tumeichukua kwa yule kijana wa Mpondwe. Majibu tuliyopata hadi sasa ni marefu kuliko ya zamani, yana makosa mengi zaidi ya kisarufi, na yanasomeka. Shida iliyobaki ni ya usahihishaji. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, Julai 2022, Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, hoja ya mwongozo wa alama imekuwa nzito, na "kuna ziwa" ina faida moja kubwa: kila msahihishaji atampa alama ileile. Wenzetu wawili wanapendekeza alama kumi kwa uteuzi wa maneno na tano kwa sarufi. Wengine wanaona hiyo ni kuwapa wanafunzi wa mpakani ruhusa ya kuandika "benye". Mkutano ujao wa idara utalijadili jambo hili, na walimu wa shule za Bwera na Kasese wanaombwa kuja na madaftari ya wanafunzi wao.